Mikanda ya Kufungia Chisense

Kwa miaka sita hakuna aliyefunga mizigo ya lori pale Kashikishi, mji wa kando ya ziwa, kama Léopold, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wote. Alivuka ziwa kutoka Pweto, ng'ambo ya pili, mikono mitupu, mkimbizi, akajipatia jina kwa kamba. Alikuwa akikaza mpaka kamba ukiigusa inalia, ndipo anaridhika.

Mwezi uliopita, kwenye kona karibu na Kawambwa, magunia mawili ya chisense, wale samaki wadogo wakavu, yalianguka. Mable, mama mwenye lori, hakumgombeza. Alimpa pesa akanunue mikanda imara ya lori, akamwambia kwamba safari hii mzigo usipofika mzima, atatafuta mfungaji mwingine. Kwa mtu anayejisikia kama Léopold, maneno hayo yalichoma kuliko matusi.

Dukani kwa Boyd alimaliza asubuhi nzima. Alikagua mshono mmoja mmoja, akafungua na kufunga kile chuma cha kukazia mpaka akaamini kwamba meno yake yanang'ata.

"Bashi Keren, chukua hii nyembamba," Boyd alisema, kwa kuwa binti mkubwa wa Léopold ni Keren. "Banafungiaka nayo mapikipiki. Haiachiake."

"Mi siko nafunga pikipiki. Niko nafunga samaki. Hii itakata magunia. Leta ile mupana."

Akaondoka na minne mipana, kifua mbele.

Kiburi si maungwana. Mbele ya lori alivuta mkono wa kile chuma cha kukazia, akangoja mkanda ulie kama kamba. Haukulia. Akaongeza nguvu, akaongeza tena. Kilicholia kilikuwa ndani ya gunia: kra, kra, kra.

"Ni nini hiyo?" Mable aliuliza.

Angeweza kudanganya. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ni samaki banavunjika, bamayo. Ni mi njo nimekaza sana."

Akalegeza mikanda yote. Akatandika mikeka ya matete juu ya magunia, akakaza upya, safari hii akiwa amepitisha kiganja chini ya mkanda, mpaka kiganja kikawa kinatoka kwa shida. Pale Kawambwa, magunia yalipokuwa yameshuka kwa mitikisiko, alisimamisha lori akakaza kidogo tena.

Walipofika Mansa, mwisho wa safari, wanunuzi walifungua gunia baada ya gunia. Chisense walikuwa wazima, isipokuwa katika lile gunia la juu, lililokuwa na konzi mbili tatu za unga wa samaki waliovunjika. Moyo wa Léopold ukatulia, akala nshima yake, ugali wa huko, kwa raha zote.

Walipokuwa wakipakia mahindi ya kurudi nayo, dereva Méschac, mtu wa misuli, alishika mkono wa chuma aukaze.

"Acha," Mable alimwambia. "Ngojea ba Léopold."

Léopold aliteremka kutoka juu ya mzigo taratibu, kwa makusudi kabisa, ili wamngojee zaidi kidogo.