Upepo Uliotolewa Getini

Dada yangu mdogo ni fundi tairi. Anafanya kazi katika yadi ya malori makubwa, yale ya tairi ishirini na mbili, na kwa miaka kumi na saba amejaza upepo, amefungua ringi na kubandika viraka, hata ukimpa mkono unadhani umeshika kipande cha tairi. Wapo wanaosema kazi hiyo nilimfundisha mimi. Wanaosema hivyo ni mimi peke yangu, lakini nasema kila siku.

Jambo ninalotaka kusimulia lilimkasirisha yeye, na mimi lilinikasirisha zaidi, maana nimeendesha malori miaka ishirini na mbili na tairi nazijua kuliko herufi. Mimi na shule tuliagana darasa la sita, bila ugomvi.

Yadi ilipata msimamizi mpya, bwana wa shati jeupe, geji ya upepo ameining'iniza shingoni kama daktari. Alikuwa amesoma kwenye karatasi kwamba tairi zetu zijazwe upepo wa paundi mia na kumi. Basi akaweka sheria: kila lori likiingia getini lipimwe hapo hapo, na tairi iliyozidi mia na kumi itolewe upepo mpaka ifike. Karatasi yake ikishatiwa sahihi, halipimwi tena. Linaondoka alfajiri kabla mafundi hawajawasha kompresa ya kujazia upepo.

Sasa fikiria. Lori limetoka barabarani mchana, limebeba tani thelathini, lami inawaka. Tairi imepata moto, upepo umevimba ndani, geji inasoma mia na ishirini na tano. Huo si ugonjwa. Ikipoa inarudi yenyewe. Ukiitoa upepo ikiwa moto, kesho inaamka na tisini na tano, imelegea, na tairi iliyolegea ikibeba mzigo hujikunja na kupata moto mpaka ichanike.

Dada alimwambia hayo kwa upole, kitu ambacho mimi ndugu yake sijawahi kuonjeshwa. Msimamizi akamjibu kwamba geji haidanganyi na fundi asimfundishe hesabu.

Ndani ya wiki tano tairi nne zilipasuka njiani, zote za ndani, zile zinazojificha nyuma ya tairi pacha. Dereva mmoja lori lilimvuta mpaka ukingo wa daraja, likasimama gurudumu moja likiwa hewani. Hapo msimamizi akabandika barua kwenye ubao wa yadi, kila mtu asome: viraka vya fundi vinavuja, Ijumaa akabidhi vifaa.

Dada alikuja kwangu jioni ile. Hakulia. Yeye akikasirika hufua, na alifua mashuka yangu yote, hata lililotoka kuanuliwa. Nikamwambia nitakwenda kumtandika yule bwana.

"Kaka, wewe kuinama tu kufunga kiatu unaita majirani," akasema. "Kaa chini."

Alhamisi nilimfuata yadini hata hivyo, eti nasalimia madereva wenzangu. Saa tisa likaingia lori, na msimamizi akapima, akainama kutoa upepo. Dada akamzuia. Akamwambia mbele ya madereva wote: atoe upande wa kulia kama kawaida yake, wa kushoto usiguswe, na lori lisiondoke alfajiri.

"Kesho saa moja tutapima kwa geji yako, siyo yangu," akamwambia. "Nikiwa na kosa, spana nakukabidhi mwenyewe."

Bwana yule alikubali huku anacheka. Dada akaandika kila kipimo kwa chaki ubavuni mwa tairi.

Ijumaa asubuhi wakapima. Kushoto: mia na kumi, mia na tisa, mia na kumi na moja. Kulia, tairi zote kumi na moja, hakuna iliyofika mia: tisini na sita, tisini na tano, na moja ya ndani tisini na tatu. Msimamizi akaigonga geji kwenye kiganja, akapima tena. Ikasema yale yale. Akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba barua tuisahau, tuendelee na kazi.

Eti tuisahau. Damu ilinipanda nikasogea, dada akanirudisha kwa kiwiko.

"Hatuendelei," akamwambia. "Ulinichafua ubaoni, na ubaoni pale pale uandike kosa lilikuwa la getini. Usaini. Halafu shika bomba la upepo, hizo za kulia ujaze wewe."

Aliandika. Nilimsimamia, na neno moja nikamwambia alirudie, halisomeki. Kisha akashika bomba. Ile ya mbele haikumpa shida, lakini tairi ya ndani haifikiki ukiwa umesimama, ikabidi alale ubavu kwenye grisi na shati lake jeupe, mkono umezama mpaka begani. Mimi nikaanza kucheka, na madereva wakanifuata.

Dada hakucheka. Alitugeukia na uso ule ule aliokuja nao kwangu jioni ya barua.

"Mwenzenu alining'inia darajani," akasema, "na nyie mnacheka."

Akamrudia msimamizi pale chini.

"Mbili hizo. Bado tisa."