Kengele Nne Barabara ya Mlali

Mama yangu alifariki Bagamoyo, mwezi uliofuata Ramadhani, na kabla hajakata roho aliniachia neno moja tu: "Nenda Mlali ukamwambie mama yangu mwenyewe. Usimtume mtu." Nikamwahidi. Nikaomba kazi ya ukarani wa mizigo katika stesheni ya Morogoro, nikaipata, nikahama. Kisha kwa miezi minane nikawa naitazama milima ya Uluguru kila asubuhi nikipiga mswaki, na siendi.

Niseme kweli, niliogopa. Mama aliondoka kwao akiwa msichana, akimfuata baba yangu, mchuuzi wa nguo aliyepita na msafara, na hakurudi tena hata siku moja. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo huko Mlali nilikuwa na bibi, na wajomba, na mama wadogo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona. Nilitaka waniite mtu wao. Nilitaka sana, hata nikaona heri nikae na matumaini yangu mjini kuliko kwenda nikaambiwa, "Wewe nani?"

Kilichonitoa woga ni chama chetu cha baiskeli. Tulikuwa wanne. Mkubwa wetu Mwalimu Kondo wa shule ya serikali, mtu wa maneno mazuri na pumzi fupi. Wa pili Fundi Ramadhani, seremala wa reli. Wa tatu Petro, mpishi wa misheni, Mluguru wa upande wa Matombo. Wa nne mimi, Athumani. Baiskeli zote zilikuwa za mkono wa pili; yangu niliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akienda zake, na kiti chake kilikuwa kimezoea makalio ya mtu mnene kuliko mimi. Kila Jumapili tulitoka. Tulikuwa tumekwisha kwenda Kihonda mara nyingi mpaka kuku wa huko wakatuzoea.

Tena tulikuwa na sheria. Mwalimu mbele, mtu asimpite. Na kila tunapoingia mahali penye watu, tunakaa mstari mmoja, kengele zote nne tunazipiga kwa pamoja. Tulishonesha na makoti ya kaki ya namna moja, yenye vifungo vya shaba. Mjini watoto walitukimbilia wakipiga vigelegele. Tulijiona watu hasa.

Jumapili hiyo, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa nje ya kanisa tukimngoja Petro atoke misa ya kwanza. Nilikuwa nimewaambia wenzangu habari ya mama, na Mwalimu akasema, "Basi leo ni Mlali. Athumani hatakwenda kwa bibi yake kinyonge. Tutampeleka kwa heshima." Nyuma ya kiti changu nilifunga kanga ya mama, ile aliyokuwa akijitanda jioni, nimeikunja ndani ya karatasi ya stesheni.

Tulitoka mjini jua likianza kugusa majani. Milima ilikuwa mkono wetu wa kushoto, ukungu umeikata katikati, vilele vimebaki juu peke yake. Barabara ilikuwa nzuri kushinda nilivyotazamia, imepigwa shoka na jembe ikanyooka, na mifereji kando zote mbili. Fundi Ramadhani aliisifu sana. Hakuna aliyeuliza ni nani waliopigishwa hayo majembe.

Karibu na Konga mwiba ulitoboa gurudumu la Mwalimu. Yeye alifurahi, maana alikuwa anatafuta sababu ya kupumzika. Petro aliingia kichakani akarudi na utomvu wa mmea wa mpira kwenye jani, akaupaka juu ya tundu, akaupuliza, akaupaka tena, mpaka ukashika. Tulipokuwa tumechutama hapo alitokea mtu mbele yetu na mkungu wa ndizi kichwani. Alipotuona alisimama. Akatua mkungu wake taratibu, akaingia katika nyasi ndefu, akapotea.

"Ana haja yake huyo," alisema Fundi Ramadhani, na sote tukacheka.

Tulingoja tumsalimie, hakutoka. Tukaondoka na ndizi zake zikiwa palepale barabarani.

Saa nne tulifika kijito kilicho chini ya Mlali. Maji yake ni ya mlimani, baridi mpaka meno yanauma. Tulinawa, tukapangusa vumbi kwenye makoti, Mwalimu akafunga vifungo vyake vyote mpaka cha shingoni. Mama alikuwa ameniambia njia zamani, kwa masimulizi tu: ukivuka kijito usifuate barabara, shika kijia kinachopanda penye migomba, nyumba za kwetu ni saba, zimepangana kama watu wanaoota moto. Nilipoiona hiyo migomba niliwaonyesha wenzangu kwa kidole. Tulisukuma baiskeli mpaka palipo tambarare, tukapanda, tukakaa mstari.

"Kengele!" akasema Mwalimu.

Tukaingia kwao mama yangu kwa kishindo, kengele nne kwa pamoja.

Uwanjani hapakuwa na mtu. Nyumba zilikuwa saba kweli. Moshi ulikuwa ukitoka katika paa mbili. Palikuwa na chungu jikoni kinachemka, na ungo umelala kifudifudi, na kinu kimejaa mahindi nusu yametwangwa nusu bado, mchi umetupwa chini, na kuku wameshapanda ukingoni wanajilia. Kiatu kimoja cha mtoto, cha ngozi ya mbuzi, kilikuwa kimebaki mlangoni. Kengele zetu zilinyamaza moja moja.

Mtu mmoja tu hakuondoka. Bibi kizee alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho, miguu ameinyoosha mbele, imevimba magotini. Tukashuka, tukamwendea.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Mmechelewa. Wenye nguvu wote wamekwenda zao, nimebaki miye na kuku. Mnamchukua nani?"

Mwalimu alivua kofia. "Bibi, sisi hatuchukui mtu. Tumekuja kutembea."

"Mmevaa vifungo vya serikali, mnapiga kengele, mnatembea tu?"

"Ni Jumapili, bibi. Tunapanda baiskeli kujifurahisha."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

Bibi alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule wa ndizi, na uso ukaniwaka kwa haya.

Nikachutama karibu yake. "Bibi, namtafuta Bi Mkasi, mama yake Mwanaidi. Mimi ni mjukuu wake, nimetoka Bagamoyo."

Alivuta fimbo yake karibu. Kisha akasema, "Simjui."

"Mwanaidi aliyeolewa na mchuuzi wa nguo..."

"Nimesema simjui. Majina? Akida wa serikali anayo majina yetu yote katika daftari lake. Mwaka huu huu alikuja kijana kama weye, mpole kama weye, ati ana salamu za watoto wetu walio kazini kwenye reli. Watu wakatoka kusikia salamu. Alipomaliza kuwasalimu akawahesabu, kesho yake askari wakaja na kamba kuwapeleka kazi ya barabara. Shika njia yako, mjukuu wa Bi Mkasi."

Petro alijaribu kwa lugha ya nyumbani. Alisimama mwisho wa uwanja akapaza sauti kuelekea mlimani, akasema sisi ni watu wema, akataja ukoo wake na mlima wake. Mlima ulinyamaza. Bibi akasema bila kugeuza kichwa, "Na yule wa akida alikuwa na mkalimani."

Ikawa saa sita. Jua lilitusimamia kichwani. Fundi Ramadhani alininong'oneza kwamba huko juu kuna watoto wachanga, hawana maji, na kila dakika tunayokaa tunawatesa, afadhali tuondoke. Alisema kweli, na kila mtu alijua. Lakini kila nilipotazama baiskeli yangu niliona kile kifurushi nyuma ya kiti. Nikiondoka sasa, nikirudi tena watakimbia tena, na bibi yangu, kama yu hai, atakufa akimngoja mwanawe. Nilitaka kulia, mtu mzima mwenye vifungo vya shaba.

"Ngojeni kidogo tu," niliwaambia.

Kuku walikuwa wanamaliza mahindi ya watu. Hilo nalo lilinitia aibu: kwa ajili yetu mtu atalala njaa. Nikawafukuza, nikavua koti nikalitundika kwenye usukani, nikaokota mchi, nikauosha. Kutwanga najua. Mama hakuzaa binti, na kila mara aliponiona nimekaa bure alinipa mchi, hata majirani wa Bagamoyo wakawa wananicheka. Nikatwanga. Sikuwa na shauri lolote kichwani, mikono ilitaka kazi tu. Nilitwanga kama nilivyofundishwa: mapigo mawili ndani, la tatu unagonga ukingo wa kinu. Mawili, ukingo. Mawili, ukingo. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza mama kwa nini agonge ukingo, maana unapoteza nguvu bure, naye akanijibu, "Ndivyo tutwangavyo kwetu," akageuza uso.

Nikasikia fimbo inagonga chini. Bibi alikuwa anajaribu kusimama.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Sikuacha kutwanga. Niliogopa nikiacha kitu kitakatika. "Mama yangu."

"Usiache," alisema. "Ole wako ukiacha."

Petro ndiye aliyeona kwanza. Juu ya migomba, penye mawe, kichwa cha mwanamke. Kisha kingine. Kisha mwanamume na mtoto begani. Walikuwa wanateremka, si kwa kukimbia, kwa kunyata, wakisimama na kusikiliza na kuteremka tena, kutoka pande tatu za mlima, kumbe walikuwa wengi namna ile. Baadaye walinieleza: tangu zamani za wakamata watumwa, adui akija wanakwenda mlimani, na adui akiondoka anayebaki nyumbani hutwanga kinu, mawili na ukingo, ndipo wanajua ni salama. Watoto wa kike wa nyumba zile saba hufundishwa hivyo tangu mchi unapowazidi urefu, na hawamwambii mgeni.

Mwanamke wa kwanza kufika alikuwa anahema, na alikuwa na paji la uso la mama yangu. Alipita katikati ya baiskeli kana kwamba hazipo.

"Mama! Huo ni mkono wa Mwanaidi! Tumeusikia tangu juu. Mwanaidi amerudi?"

Bibi alikuwa ananitazama mimi. "Ndiye mama yako mdogo, Zena," aliniambia. "Na miye ndiye Bi Mkasi. Sasa sema, mwanangu yuko wapi?"

Maneno niliyoyatayarisha kwa miezi minane, yale ya kumshukuru Mungu na ya kuomba subira, niliyaacha. Niliweka mchi chini. Nikaenda kwenye baiskeli nikafungua kamba, nikatoa kanga kwenye karatasi, nikapiga magoti nikamwekea mapajani.

Bibi aliiinua akainusa. Akaikunja tena, vizuri, ncha kwa ncha.

"Mmenikimbizia watu wangu," alisema, "mkanipigia kelele uwanjani, kisha mkaniletea msiba." Kisha akanishika sikio, akalivuta mpaka kichwa changu kikafika begani pake, na hapo ndipo alipolia. Na mimi nililia, bila haya, mbele ya chama kizima.

Alasiri palikuwa pamejaa. Mama mdogo Zena alimaliza mahindi niliyoyaanza, akatangaza kwamba nimeyatwanga vibaya, chenga tupu. Mwalimu aliketishwa na wazee wanaume, akawaomba radhi, na safari hii alisema maneno machache. Petro na Fundi Ramadhani walichota maji ya watu wa msiba. Bibi aliniweka karibu yake, kila mtu anayeingia akamwambia, "Huyu ni mume wangu, ametoka pwani. Kutwanga anajua kidogo, adabu ya kuingia nyumbani kwa watu hajui." Wakacheka hata katikati ya machozi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Saa kumi tuliaga. Tulishuka kwa miguu, baiskeli mkononi, makoti ya kaki tumeyafunga furushi, mpaka tukavuka kijito. Kwenye barabara ile nzuri hakuna aliyeisifu tena. Karibu na Konga tulipita penye mkungu wa ndizi. Ulikuwa palepale, mwenyewe hajarudi. Fundi Ramadhani alishuka akauegemeza kivulini, na tukaendelea. Milima sasa ilikuwa kulia kwetu, na jua la jioni limeifanya iwe karibu.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini nilikipata kwa bei ghali. Sisi wanne tulidhani tunajifurahisha, kumbe kila kijiji tulichokiingia kwa mstari na kengele, kuna aliyekuwa akitafuta pa kujificha, na sisi hatukuangalia nyuma. Chama kipo bado. Makoti tulimpa mshonaji akayageuza mifuko, na tukifika penye watu tunashuka, tunasukuma.

Kengele yangu niliifungua nikamwachia bibi, watoto wanaichezea. Siku hizi nikifika kijito cha Mlali nasimama, natoa spana mfukoni, nagonga chuma cha baiskeli: mawili, na la tatu kwenye rimu. Kisha nangoja kidogo, miguu ndani ya maji baridi, mpaka huko juu kwenye migomba kinu kinijibu.