Namba Ikishatoka Ofisini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia namshukuru Mungu kwa kunipa mkuu wa kazi mkali. Nilikuwa binti mbichi kutoka chuo, nimeajiriwa kwenye mradi wa maji wa Rungwa. Ofisi yetu ilikuwa Itigi, nami nilitunza ratiba kwenye kompyuta. Programu ile huipa kila kazi namba yake: kuchimba mtaro ina yake, kulaza mabomba ina yake. Mafundi kule porini walikuwa na ratiba hiyohiyo kwenye karatasi. Kwa kuwa simu zilishika kwa kubahatisha, tuliagizana kwa namba tu.

Asubuhi hiyo iliongezeka kazi mpya, kuvusha bomba korongoni. Nikaichomeka katikati, kisha, ujana nao, nikaiamuru kompyuta ipange namba zote upya zifuatane. Zikanyooka vizuri, nikajiona fundi kwelikweli! Nikashika simu nimwambie Saidi, msimamizi wa mafundi, aanze arobaini, yaani kupima mabomba kwa presha.

Mzee Njiku, mkuu wetu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Weka simu chini, binti. Arobaini ya Saidi ni ipi?"

Nikatazama ratiba ya zamani. Arobaini ya Saidi ilikuwa kufukia mtaro. Saidi angefukia mabomba yasiyopimwa, na yakivuja, akina mama wa Rungwa wangeendelea kufuata maji mbali huku sisi tukifukua upya.

"Kwenu Misigiri ndama akizaliwa, ng'ombe wengine mnawabadilisha majina?"

"Hapana, mzee."

"Basi hizi nazo ni majina. Namba ikishatoka ofisini si yako tena, ni ya wote wanaoitumia."

Hakunitangaza kwa wenzangu. Alivuta kiti, tukazirudisha namba za mwanzo, na ile kazi mpya tukaipa namba ambayo haijawahi kutumika. Haikufuatana na jirani zake, lakini kuna ubaya gani? Zamu ya kazi hupangwa na kazi iliyoitangulia, wala si ukubwa wa namba. Kisha nikapiga simu. Saidi akapima, akakuta kiungo kinavuja, wakakaza, ndipo wakafukia. Maji yalipotoka bombani nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini kwangu Mzee Njiku aliuwahi ulimwengu.

Sasa nasikia umekabidhiwa ratiba ya barabara ya Mitundu. Hongera! Tangu mwanzo ruka namba kumi kumi, kazi zitakazozuka zipate pa kukaa. Kazi ikifutwa, namba yake usiipe kazi nyingine. Na kabla hujapanga chochote upya, jiulize ni nani yuko mbali ameshika namba ya zamani akikuamini. Haraka haraka haina baraka, na kompyuta ina haraka kuliko sisi sote.

Nilipokwenda kumshukuru Mzee Njiku alipostaafu, alicheka tu. "Mimi nilimshukuru aliyenifunza kwa kukufundisha wewe," akasema. "Shukrani yako mpelekee atakayekuja." Ndiyo hii, mwanangu, ipokee. Mungu akubariki mikono na macho, na siku ukikaribia kukosea akuwekee mtu nyuma ya kiti chako.