Mama Maiki na Kikao cha Kodi ya Majengo

Saa nane mchana ukumbi wa halmashauri umefurika, hata madirishani pamekaliwa, na mwanamke mfupi aliyevaa koti la kijani la kazi anapenya katikati ya mabenchi akiwa na kipaza sauti mkononi. "Samahani baba. Samahani dada, kunja mguu kidogo." Waliokuwa wanapayuka wanapunguza sauti anapowakaribia. Wanamjua.

Mji mzima unamwita Mama Maiki. Ni mtunza ukumbi. Asubuhi alifagia, akasugua vyoo na kupanga mabenchi. Mchana huu kazi yake ni moja tu: kuhakikisha kila mwenye la kusema kuhusu kodi ya majengo anasikika.

"Fundi ana nyundo, mimi nina hii," anasema huku akipangusa kipaza sauti kwa kitambaa. "Ukinikuta nimeishika, usinitanie. Niko kazini."

Na kazi ipo. Halmashauri inataka kupandisha kodi ya majengo kwa theluthi moja, na wenye nyumba wamekuja vifua mbele. Taa za barabarani zimezimika, mitaro imeziba, halafu viongozi wameagiza magari mapya.

"Kwa hiyo mimi nipige cherehani mpaka mgongo ukatike, ili mheshimiwa akalie kiti cha ngozi?" anauliza fundi cherehani mmoja, mwanamke wa maneno makali. Ukumbi unalipuka kwa makofi.

Ofisa mapato, kijana mpole aliyelowa jasho, anajitetea. "Mnataka taka zizolewe, mnataka mitaro izibuliwe, na kuchangia hamtaki. Niambieni basi, pesa nizitoe wapi?" Anazomewa kidogo, ila si sana. Swali lake lina ukweli ndani yake.

Mama Maiki ana taratibu zake, na hakuna aliyemfundisha. Kipaza sauti hakitoki mkononi mwake. Anakishika mwenyewe mbele ya mdomo wa msemaji, awe diwani au muuza mkaa. Ukitoa hoja, mkono umetulia. Ukianza matusi, mkono unashuka polepole mpaka usawa wa tumbo, na maneno yako yanabaki kati yako na jirani yako wa benchi.

Utaratibu huo ulizaliwa mwaka wake wa kwanza kazini, tena kwa kosa lake. Alimkabidhi kipaza sauti muuza mbao mmoja aliyeomba "dakika moja tu". Bwana yule akaanza na shamba la babu yake, akaja kwenye kesi ya mpaka, akawageukia mashemeji zake. Watu wakaondoka mmoja mmoja mpaka betri ikakata roho.

"Bajeti haikujadiliwa kabisa siku ile," anasimulia huku akicheka. "Nikasema basi, kuanzia leo hashiki mtu mwingine."

Mumewe ni mchomeleaji wa vyuma. Wana nyumba ya vyumba vitatu, waliyoijenga kwa kudunduliza kutokana na mshahara wa ukumbini ambao Mama Maiki mwenyewe anasema "ukifika katikati ya mwezi umeshakuwa hadithi". Kodi ikipanda, nao wanaumia. Hata hivyo, kwa miaka kumi na tisa ya kubeba sauti za wenzake hajawahi kutia neno lake.

"Mshika maiki akiwa na upande, nani atamwamini?" anauliza.

Leo msimamo huo unapata mtihani, na mtihani wenyewe unatoka nyumbani. Anayesimama ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye nyumba kadhaa za kupangisha. Mama Maiki anamsogelea na kunyoosha mkono.

"Ndugu zangu, kodi isipande hata senti," shemeji anasema. "Halmashauri ibane matumizi, na tuanze na ukumbi huu. Paa linavuja. Kuna umeme, kuna maji, kuna mshahara wa mtunzaji. Yupo mfanyabiashara anautaka kwa ghala la fanicha. Apewe, alipe kodi ya pango, yaishe."

Macho yote yanahamia kwenye mkono wa Mama Maiki. Kila mtu anasubiri ushuke.

Haushuki. Shemeji anamaliza hoja yake yote, na sauti inafika hadi benchi la mwisho.

"Nilitamani kuushusha," anakumbuka baadaye. "Lakini hakutukana. Alitoa hoja. Hoja inanifukuza kazi, sawa, ila ni hoja." Mtu wa namna hii huwezi kuacha kumheshimu.

Fundi cherehani anainuka bila kuitwa. "Mama Maiki mwenyewe aseme!" Wengine wanadakia: "Aseme! Aseme!" Mwenyekiti wa kikao anamkumbusha kwamba naye ni mlipa kodi. Mama Maiki anatikisa kichwa. Hawezi kushika na kusema kwa wakati mmoja, anajibu. Atakuwa amevunja utaratibu.

Hapo shemeji yake ananyoosha mkono. "Lete, shemeji. Nitakushikia."

Anasita, kisha anampa. Shemeji anakishika vibaya, nusura kimgonge meno, naye anamrekebisha kwa kidole kabla ya kusema.

"Kodi ikipanda nitalipa, na itaniuma. Hayo magari yananikera kama yanavyowakera nyinyi. Lakini mwaka kesho wakitaka kupandisha tena, tutakuja kuwapigia kelele wapi? Katikati ya makabati ya watu?"

Haongezi neno. Anachukua kipaza sauti chake na kwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa amenyoosha mkono muda mrefu. Nyuma yake watu wanacheka, kicheko kinageuka makofi, na shemeji anapiga makofi kuliko wote. Kura za mikono zinapopigwa, wengi wanataka ukumbi ubaki.

Wiki mbili baadaye baraza la madiwani linatoa uamuzi. Magari yameahirishwa na fedha zake zitaanza kwa kuzibua mitaro. Kodi imepanda, ila kwa nusu ya kile kilichoombwa. Ukumbi umebaki. Wapo walionuna, na ni haki yao.

"Bado nasema ukumbi ule unakula pesa," anasisitiza shemeji. "Lakini mke wa kaka yangu alinishikia maiki niseme afukuzwe kazi, na mkono haukutikisika. Nikipita mjini najivuna kwamba ni wa kwetu."

Mumewe anajifanya kulalamika. "Nilikuwa na jina langu zuri. Sasa hata wateja wananiita Baba Maiki." Anasema hivyo huku uso mzima ukicheka.

Mama Maiki amebakiza miaka miwili kustaafu, na mipango yake anayo tayari. Hatafungua duka wala kufuga kuku.

"Nitakuja kwenye vikao kama mwananchi," anasema. "Nitakaa benchi la mbele, nitanyoosha mkono. Nimesikiliza ya kila mtu miaka yote hii, na yangu yamejaa humu." Anajigusa kifuani.

Na la kwanza litakuwa lipi?

"Aa, hilo utalisikia ukumbini kama wengine," anajibu, akiinua ndoo yake. "Wewe uwahi kiti tu."