Chungu ya Mujane mu Ordinateri

Aibu yangu ilinipata mwaka wenye tulikulaka sombe, majani ya muhogo, ya chumvi tu, sababu mawese ya Walikale ilikuwa haipite tena Kalembe, na wenzetu wa kule nao walikuwa na mawese yao bila maharage yetu ya kutia ndani, kila muntu na nusu ya chakula yake, vita katikati. Mwenye aliishi Masisi anajua ni mwaka gani. Miye nilikuwa nimekimbia nyumba yangu ya Kalembe, ninalala Burungu kwa mutoto wangu mwanaume, na mpaka leo nikipita mu soko ya Burungu kuko wamama wananiangalia kifua na kucheka. Ngoja niwaeleze mwenyewe, maana wao wanaieleza vibaya. (Ukweli nayo ni mbaya, lakini yao inazidi.)

Mujukuu wangu Solange, mwenye ninamwitaka muke mwenzangu sababu marehemu bwana yangu alimuchagua akiwa angali ananyonya, alikuwa amerudi kutoka Goma, masomo yake ya ordinateri, ni kusema kompyuta, imekatikia njiani juu ya vita. Kule Goma alikuwa amependa muchezo moja ya ordinateri, ya zamani ya Wazungu, ya wafalme na wachawi. Haiko ya kukimbia, haiko ya kupiga bunduki (na bunduki tulikuwa nazo za kutosha). Unaona picha ya fasi fulani, unapeleka kamushale juu ya kitu, unabonyeza, na kijana wa mufalme anaenda pale, anasema na watu ao anabeba kile kitu. Wenye walitengeneza ile muchezo waliiacha zamani, kijana angali mu njia, hajafika kwao. Basi watu wenye kuipenda, huyu mu inchi hii, yule mu inchi ile, wakaanza kila mumoja kutengeneza mwendelezo wake, bila ruhusa na bila mushahara. Solange naye akatengeneza yake. Lakini yake iko na vilima vyetu, ng'ombe, ukungu ya asubui, na wote wenye kusema mule ndani wanasema Kiswahili na sauti ya Solange, hata mufalme, hata imbwa.

Sasa Papa Paluku, Munande wa Butembo, mwenye duka kubwa na sale, chumba kubwa ya kuangalia mipira, alikuwa anatafuta muntu wa kumushikia ordinateri zake. Akasema: siku ya Mungu mangaribi, kisha ibada, tuonyeshe watu ile muchezo, wakikaa mpaka mwisho, Solange atabaki na kazi. Wasipokaa, basi. Na basi ile ilikuwa mbaya, sababu mutoto wangu alikuwa ameshasema binti hawezi kukaa bure mu nyumba, atapanda moto, ile pikipiki, aende Pinga kwa shangazi yake kuuza mikate. Barabara ya Pinga, mwaka ule. Hata wanaume walikuwa wanaipita wakiwa wameshaagana na wake wao.

Ilikuwa Solange aucheze mwenyewe, kila kitu inyooke. Nani aliharibu? Ni mudomo yangu. Siku ile ya ibada tulikuwa tunatoka mu kanisa, ninasifu mujukuu wangu vile kila bibi, kila koko, anafanyaka, na Mama Chantal, mukubwa wa wamama wa kwaya, akasema ile vitu ya ordinateri ni ya kupoteza watoto, hakuna muntu muzima anaweza kuielewa. Ningenyamaza! Lakini nikamujibu mbele ya kanisa yote kama ile muchezo ni rahisi sawa kumenya ndizi, na mangaribi ni miye nitaucheza, na nitaumaliza, na yeye akuje aone. Solange alinivuta kitenge, nikamutoa mukono. Papa Paluku naye akasikia, akafurahi, akasema kama koko mwenye hajui kusoma anaumaliza, Burungu yote itauweza.

Sale ikajaa. Watu mpaka ku madirisha. Nikapewa kile kidude cha kushika mu mukono, wanakiita suri, ni kusema panya, na kweli iko na mukia murefu wenye unaingia mu mashini. Na mwanzo nilienda vizuri, musidanganyike. Nilisalimia watu wote wa mule ndani. Mulinzi wa mulango, nilimusalimia. Muchungaji, nilimusalimia. Imbwa, nayo. Solange ananinong'oneza kama haiko lazima kusalimia kila muntu, ninamuuliza alilelewa na nani. Watu walicheka, walipiga makofi, na miye kichwa ikaanza kuvimba, nikatafuta Mama Chantal na macho nione vile amekaa.

Njo tukafika ku nyumba ya mujane. Nyumba ndogo, migomba nyuma, kijana wa mufalme akaingia, na mule ndani hakuna muntu. Ni chungu tu juu ya mafiga. Solange akasema polepole, "Bonyeza chungu, koko."

Nikauliza mwenye chungu iko wapi.

"Ameenda ku muto. Wewe bonyeza tu, kijana ataibeba."

Ataibeba. Nikaangalia ile chungu. Solange alikuwa ameichora na moshi kidogo yenye kutoka juu, mutoto ana mukono muzuri. Nikamwambia, "Sitaingia mu nyumba ya muntu mwenye hayuko, nibebe chungu yake."

Watu wakacheka tena, wakafikiri ni muzaha. Solange akanieleza haraka haraka kama bila chungu hatuwezi kuchota maji, bila maji, moto yenye kuwaka ku mulango ya mufalme haizimike, na muchezo inaishia pale. Nikasema vizuri, tumungoje mwenyewe arudi, tumuombe. Nikamutoa kijana inje, nikamusimamisha mbele ya mulango, na miye nikakunja mikono.

"Koko, harudi," Solange akasema. "Sikumutengeneza arudi."

"Basi ulimutengeneza vibaya."

Tukangoja. Kijana amesimama, anapepesa macho. Jenereta inakunywa esanse. Vijana wa nyuma wakaanza kulalamika, mumoja akasema beba chungu wee koko, tumechoka, mwengine akasema atoke tuwekewe mupira. Papa Paluku akakuja mwenyewe, akainama, akaniambia na heshima yote, "Mama, ile ni picha tu. Hata maharage haiko ndani."

Nikamujibu, "Wale wenye waliingia kwangu ku Kalembe nao walisema ni vita tu."

Sababu chungu yangu waliibeba ikingali inatokota, na maharage yangu ndani, wakaifunika na kifuniko yangu sawa wageni wenye wamefungiwa chakula. Ingeishia pale ningetoka na heshima. Lakini Mama Chantal akauliza kwa nguvu kama tulikuja kuangalia muchezo ao kusikiliza kesi, watu wakaangua kicheko, kijana moja wa nyuma akaruka anyanganye ile suri amalize mwenyewe, na miye bila kufikiri nikaichomeka mu kifua, ndani ya blauzi, fasi yenye ninajua hakuna kijana ataingiza mukono. Nikasimama. Mukia ikavutika, kioo ya ordinateri ikainama, ikaanguka uso chini, giza, na mukia ikachomoka. Watu wakaanza kulaumu kwa nguvu. Nikatoka na hasira, kichwa juu, nikapita mu soko yote sawa muntu muzima mwenye ameshinda, na watu wananipisha, ninafikiri ni heshima, mpaka mutoto mumoja akauliza mama yake juu ya nini koko yule iko na mukia ya panya inamutoka mu kifua.

Solange alilia, akakataa kula. Mutoto wangu akaenda kutafuta moto ya Pinga. Na miye, koko wa kujisifu, nilikaa nyuma ya nyumba, ninatupia kuku maneno.

Njo Papa Paluku akakuja kutafuta suri yake. Nilimupa nikiangalia chini. Akasema kioo haikuvunjika, lakini mu duka yake hakuna muntu anauza ao ananunua kwa utulivu tena, nusu wanasema koko alikuwa na haki, nusu wanasema picha ni picha, wawili wameshakamatana mashati, na wote wanataka kurudi kuangalia kama kuko njia ingine ya kupata maji. Akasema Solange aanze kazi kesho yake. Mutoto wangu akarudisha moto. Miye sikuambiwa asante na muntu, na sikuiomba.

Sitajisifu tena mbele ya kanisa, nilishaapa. Lakini muke mwenzangu Solange ni kichwa nguvu kuliko miye. Mujane hakumurudisha mpaka leo, anasema muchezo ya vile iko na desturi yake, unabeba chenye unaona, na wenye kuipenda watamukasirikia. Watoto wa Burungu wote walishafika kwa mufalme, Mama Chantal naye alishafika, aliniambia mwenyewe. Mwezi iliyopita Solange alikuja kunitembelea na kamashini kadogo, akaniwekea suri mu mukono, akasema koko, mara moja tu, uone mwisho, niliutengeneza muzuri juu yako. Kijana angali amesimama mbele ya ule mulango ya mujane. Nikamurudishia suri yake.

"Sitaingia mu nyumba ya muntu mwenye hayuko, nibebe chungu yake."