Leo Nimemwaga Sato Bwawani

Jamani, leo nimeharibu kazi yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Si mnajua nasomea samaki huku Guangzhou? Nje ya mji kuna bwawa la zamani, chini limebaki tope tupu. Samaki wadogo wa asili hawana pa kujificha wala pa kutagia. Asubuhi mimi na wanafunzi wenzangu tumezamisha mafungu ya mianzi wapate makazi. Mgongo unaniuma mpaka sasa.

Tunanawa tope, akaja bibi mmoja na ndoo ya samaki hai kutoka sokoni. Huku watu huwanunua na kuwaachia majini, wapate thawabu.

Nikachungulia. Sato!

Sato wetu wa Mwanza, ambao huku wanamaliza mayai ya samaki wenyeji.

Nikamwambia kwa Kichina changu cha kubabaisha, "Bibi, hawa hapana. Watamaliza wenzao."

Akanikabidhi ndoo kwa mikono miwili.

"Mwanangu yuko hospitali. Nimwagie wewe, mimi naogopa kuteleza kwenye tope."

Haya, mngemjibu nini?

Nikamwaga. Wakazama pale pale kwenye mianzi yetu.

Profesa wetu, mwenye mradi, bado hajui.

Nitukaneni tu, nimestahili. Ila mkimaliza, mwombeeni na huyo mwanawe.