Mistari ya Jumapili

Siku alipopandishwa cheo, mama yake alipigia ndugu simu mpaka chaji ikamwishia. Mwanangu sasa hafanyi kazi, aliwaambia, anawafanyisha wenzake. Tulicheka sana ofisini aliposimulia, na yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi sote. Baada ya miezi minne hakuwa akiicheka tena kauli hiyo.

Tulimwita Nukta. Alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni yetu ndogo inayohudumia kliniki: kuandikisha wagonjwa, kutunza stoo ya dawa, kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake. Nukta moja ikikosekana kwenye mistari elfu kumi, yeye ndiye aliyeiona, tena huku akitafuna karanga. Mimi ni mkaguzi. Kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu kabla muuguzi hajayakuta, na ndiyo maana sipendwi. Miaka minane nilikaa meza ya pili kutoka kwake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu.

Ukuu wa kitengo ulimpa chumba chenye mlango, kiti cha kuzunguka, na vikao. Vikao vya asubuhi, vikao vya mchana, vikao vya kupanga vikao. Alijaza fomu za likizo za watu, akasuluhisha ugomvi wa nani kazima kiyoyozi, akaandika ripoti ambazo nina hakika hakuna aliyezisoma. Jioni alitoka hoi, lakini ukimuuliza leo umefanya nini, alikuhesabia vikao.

"Zamani nilikuwa narudi nyumbani na kitu," aliniambia siku moja kwenye ngazi. "Hata kama ni mistari minne, ipo, inafanya kazi. Siku hizi narudi na maneno tu."

Nilimwambia ajikaze kisabuni, atazoea. Lilikuwa jibu la kipumbavu.

Mikono ilikuwa inamwasha, na sote tulijua. Akipita nyuma ya meza zetu alipunguza mwendo, akatupia jicho skrini, midomo ikimcheza. Hasa kwenye meza ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na mitano kabla ya kuja kwetu. Ni mtu mzima kuliko Nukta, baba wa pacha, na bado alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Nukta ndiye aliyemchagua. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuiandika upya ile sehemu ya dozi, ambayo Nukta mwenyewe aliiandika zamani na sasa ilikuwa imeelemewa. Ikipokelewa, angethibitishwa kazini. Alipewa wiki tatu. Alianza kwa kuchora kwenye daftari kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa, nasi tukawa tunamtania kwamba anasahihisha mitihani.

Wiki ya pili ilipoisha, Jumapili, Nukta alikuja ofisini peke yake. Baadaye alikiri kwangu kwamba alikuja kuchukua chaja tu. Akakaa kwenye meza yake ya zamani, akafungua ile sehemu ya dozi aitazame. Saa tatu asubuhi alikuwa anatazama. Saa tisa alasiri alikuwa ameimaliza kazi yote, ameiingiza kwenye programu, na ndipo akakumbuka kwamba hajala. Aliniambia hakuwahi kufurahi vile tangu apewe kile chumba.

Jumatatu Mwalimu aliwasha kompyuta, akasoma, akashuka hadi chini, akapanda tena juu. Alifunga daftari lake. Nilikuwa chumbani kwa Nukta na orodha yangu ya makosa alipogonga mlango. Nukta alimwahi: alikuwa anasaidia tu, muda unabana, asichukulie vibaya. Mwalimu alimwacha amalize.

"Dada, naomba kuuliza," alisema. "Hii kazi ulinipa, au uliniazima?"

Nukta alianza kupanga makaratasi mezani.

"Kwa sababu nilibakiza siku tano. Nimewaambia wanangu naandika kitu kitakachotumika kila kliniki. Sasa wakiniuliza kiko wapi, niwajibu nini? Kama hunihitaji niambie tu, nirudi darasani kabla muhula haujaanza."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, tungepata pa kumkasirikia.

Alipotoka, Nukta aliniagiza niikague ile kazi ya Jumapili, tena nisimwonee haya. Nilimwelewa. Alitaka nimletee kosa, apate kuiondoa bila kuumia. Nilijaribu watoto wa kilo mbili na watoto wa kilo arobaini, uzito ulioachwa wazi, uzito ulioandikwa kwa maneno. Siku mbili nzima sikupata kitu. Nilipompa majibu aliinamisha kichwa.

"Bora ungeniongopea," alisema.

Aliiondoa mbele yangu. Katika kazi yetu hakuna kinachofutika moja kwa moja. Hubaki kwenye kumbukumbu za zamani, ambako hakuna mtu anayekwenda. Kisha akaenda hadi mezani kwa Mwalimu, akamwomba radhi tukisikia wote, akamsihi afungue tena daftari lake. Aliporudi alinitaka jambo jingine. Mimi ndiye ninayetunza orodha ya wanaoruhusiwa kubadili programu, na alitaka nimtoe humo. Nilimwambia hakuna haja ya kufika huko, ajizuie tu.

"Sitajizuia," alisema. "Jumapili ijayo nitasahau chaja tena."

Nikalitoa jina lake. Kompyuta iliuliza kama nina uhakika. Sikuwa nao, nikabonyeza.

Mwalimu alimaliza Jumatano ya wiki iliyofuata, siku tatu nje ya muda. Nilipata makosa matatu, akayarekebisha, nikaipitisha. Kazi yake ni sahihi na salama, nami naitetea popote. Ila ni ndefu, na inazunguka pale ambapo ya Nukta ilikata moja kwa moja. Nukta aliliona hilo mara ya kwanza alipoisoma, akaipokea vilevile. Kwenye kikao cha kuikabidhi, muuguzi mkuu wa kliniki ya kwanza aliuliza imeandikwa na nani. Mwalimu alimtazama Nukta kwanza.

"Ni yeye," Nukta alisema. "Mwanzo mpaka mwisho."

Siku ile Mwalimu alithibitishwa kazini, na alitoka kwenye kikao kile akipiga simu nyumbani kwake. Nukta alibaki mlangoni amekumbatia makabrasha ya kikao kingine. Alisubiri mpaka Mwalimu akapotea kwenye kona.

"Kaka," aliniambia, "ile yangu umeikagua wewe peke yako. Ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri mno, kwamba hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Akaniomba nimtajie ni sehemu gani hasa iliyonipendeza, nami nikasimama pale nikamsimulia mstari kwa mstari, huku kule ndani wakimwita kwenye kikao.